Kumutuma shofere kwa simu, kumufukuza kwa karatasi



Huku kwetu Moba, mutu akitoka Port na kupanda Kirungu anajua ule mulima. Wakati wa kiangazi, shofere mwenye akili anaupanda na kuushuka pole pole, hakuna shida. Lakini mvua ikianza kunyesha kabisa, udongo unakuwa sawa na sabuni. Hapo hakuna shofere, ata yule mwenye miaka makumi mawili kwenye usukani, anayeweza kuapa kama atafika saa fulani. Barabara njo inaamua.

Lakini kuna mutu mumoja ambaye kila siku anaandika saa ya kufika. Anaketi katika biro ya dispachi, simu mbili mbele yake, liste ya makamyo kwenye ukuta. Leo ninataka kusema juu ya ile vita ya kila siku kati ya mashofere na wale wakubwa wanaowatuma barabarani. Haiko vita ya ngumi, ata kama kuna siku inakaribia kufika kule. Ni vita ya maneno makali, ya mushahara kukatwa, ya shofere kuachwa kwenye parking wiki mbili bila safari juu alijibu vibaya. Mimi ni delege wa sindika. Kesi za namna ile zinanifikia mingi kupita za watu wanaochimba. Na nimeona kama tunazitengeneza vibaya, juu tunapiganaka na mutu, hatupigani na desturi mbaya.

Nitaeleza kesi moja. Sitataja kampuni, sitataja jina la mutu, juu familia yake iko hapa kati yetu.

Alikuwa shofere wa kampuni ndogo inayobebea mine vifaa, ile tunaitaka sous-traitant. Siku ile alianza kuendesha saa kumi ya asubuhi, giza bado. Alitoka upande wa juu, njia ya Pepa, na muzigo wa kuteremusha Port. Barabara ilikuwa imekatika mahali pawili. Alingoja, akasaidia kutia mawe, akaendelea. Alifika Kirungu saa kumi na mbili ya mangaribi, mvua inanyesha. Akapiga simu kwa dispachi: «Chef, nitalala hapa. Asubuhi nitashuka.» Jibu lilikuwa: «Boti inangoja. Ukilala kule, ile siku ya boti utailipa wewe.» Simu ikakatika. Kiisha ikalia tena. Kiisha mara ya tatu.

Akashuka. Kwenye kona moja kamyo ilikataa kusikia freni, ikaenda ndani ya mutaro, ikalala. Motoboyi aliruka, akapona. Shofere alivunjika muguu mahali pawili. Muzigo ulimwangika ndani ya matope.

Wiki tatu nyuma tuliketi katika mukutano. Juu ya meza kulikuwa karatasi tatu: raporo ya aksida, liste ya vitu vilivyopotea, na barua ya kumuuliza shofere ajieleze. Katika zile karatasi tatu, zile simu tatu hazikuandikwa mahali popote. Mukubwa wa dispachi alisema: «Mimi nilimuuliza tu atafika saa ngapi. Sikumuambia ashuke usiku.» Shofere akatoa simu yake, akaonyesha: mara tatu ndani ya saa moja. Direkteri akaangalia, akasema: «Hii inaonyesha kama mulizungumza. Haionyeshi mulisema nini.»

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Simu haikuonyesha kitu.

Mwisho wake ninyi mnaujua mbele niseme. Falanga ilikatwa kwenye mushahara, mwezi kwa mwezi, na kontra ilipofika mwisho haikurudiliwa. Ile barua ya mwisho iliandikwa vizuri sana: tarehe, muhuri, sinyature mbili.

Siku ile nilielewa kitu kimoja. Kumutuma mutu ndani ya hatari, simu inatosha. Kumufukuza, lazima karatasi. Sheria yetu ya kazi, Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamulazimisha mwajiri amujulishe mfanyakazi kwa maandishi wakati anavunja kontra. Ni vizuri, ni kinga yetu. Lakini ile karatasi inakuja wakati kila kitu kimekwisha haribika. Mimi ninaomba ianze mapema, saa ile amri inatolewa. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ya mufanyakazi ni vilevile.

Sasa tuangalie masaa, juu ugomvi mukubwa uko pale.

Sheria hiyo hiyo inasema kazi isipite masaa 9 kwa siku na masaa 45 kwa wiki. Masaa yanayozidi yanalipwa na nyongeza: asilimia 30 kwa masaa sita ya kwanza ya wiki, asilimia 60 kwa yale yanayofuata, na asilimia 100 kama ni siku ya mapumziko. Na masaa yanahesabiwa tangu wakati mufanyakazi anajiweka mahali pa kazi mikononi mwa mwajiri, mpaka kazi inakwisha. Ninajua watanijibu kama kazi ya barabara iko na mapatano yake. Sawa. Mapatano yaletwe, tuyasome pamoja, yabandikwe kwenye mulango wa parking.

Juu namna inafanyika sasa, tunaijua wote. Dispachi anahesabu kilometa. Shofere iko na masaa ya aina mbili: masaa ya usukani na masaa ya kungoja. Anangoja kupakia. Anangoja boti. Anangoja kwenye bariere. Anangoja wakitengeneza daraja la miti. Anangoja mupira kutoka mbali. Masaa yale hayaandikwi popote, ni kama alikuwa analala. Hapana, hakulala! Alikuwa analinda muzigo wa patroni. Halafu kamyo ikipakiwa saa kumi ya mangaribi, masaa ya kungoja yote yanageuka kuwa deni lake: «Umechelewa, kanyaga.» Kuchelewa ni kwa wengine, kulipa ni kwa shofere.

Dunia nzima inajua kama usingizi kwenye usukani unaua. Tangu 1979 Shirika la Kazi la Kimataifa liko na konvensio namba 153 juu ya masaa ya mashofere: asiendeshe kupita masaa 4 bila kupumzika, asiendeshe kupita masaa 9 kwa siku na 48 kwa wiki, na kila siku apate masaa 10 ya kupumzika bila kukatizwa. Kule Ulaya, shofere wa kamyo akiendesha masaa manne na nusu, lazima asimame dakika 45. Na kamyo yenyewe iko na mashini, takografu, inayoandika masaa. Shofere hawezi kudanganya kwa urahisi, na dispachi hawezi kusema: sikujua.

Mutasema: delege, ile ni Ulaya, sisi tuko kwenye matope. Lakini ata huku, makamyo mingi ya mines siku hizi iko na GPS. Ile GPS inaona kamyo ilisimama wapi na dakika ngapi. Kila wiki ninaona shofere anaitwa ajieleze kwa nini alisimama. Sijaona hata siku moja mukubwa wa dispachi anaitwa ajieleze kwa nini kamyo yake ilitembea masaa kumi na ine. Mashini ni moja. Kwa nini iwe na jicho moja tu?

Na hii mambo ya kuandika amri haikutoka mbali. Iko hapa kwetu. Reli ilifika Kalemie mwaka 1915, wakati muji uliitwa Albertville, na mpaka leo kuna jamaa nyingi za Kalemie na Kabalo zilizokula kwa kazi ya reli. Muulize muzee yeyote wa reli: treni haitoki gare juu mutu amepiga kelele. Inatoka kwa ruhusa ya shefu wa gare, na ile ruhusa iko na alama, iko na saa, iko na jina. Kwa nini? Juu reli ni moja, na treni mbili zikikutana hapo katikati, hakuna wa kurudi nyuma. Wale wazee hawakuandika juu walipenda karatasi. Waliandika juu ya kifo.

Na ziwa letu? Upepo ukivuma, mwenye muzigo anaweza kulia kwenye pwani mpaka sauti ikwishe. Nahodha mwenye heshima anaangalia maji, anasema hapana, na watu wanangoja. Hakuna anayemuita muvivu. Kwa nini shofere mbele ya mulima wa mvua asikuwe na neno lile lile?

Sasa niseme na upande wa pili, juu sindika isiyosema kweli kwa watu wake haina faida.

Mukubwa wa dispachi naye ni mufanyakazi. Yule wa kesi yangu nilikutana naye siku nyingine kwenye kilio, tukaketi kwenye benchi moja. Akaniambia: «Delege, unafikiri mimi ninalala? Kila asubuhi wananipigia simu kutoka juu, wananiuliza makamyo ngapi zimefika. Hawajaniuliza hata siku moja barabara iko namna gani.» Nilinyamaza. Yeye pia alituma shofere kwa simu juu yeye pia alitumwa kwa simu. Kama angekuwa na karatasi, angeweza kuwaonyesha wakubwa wake: mimi niliandika kama mvua inanyesha, ninyi munajibu namna gani? Karatasi ninayoiomba itamulinda yeye pia. Sasa wafanyakazi wawili wanatukanana kwenye simu, na yule wa tatu, anayetaka hesabu, hasikii kitu na hakuna mutu anajua jina lake.

Na sisi mashofere? Tuseme wazi. Kuna wanaouzisha mazutu njiani, kiisha wanasema barabara ilikula mazutu. Kuna wanaopakia watu juu ya muzigo, wamama na watoto, kwa falanga kidogo, na kamyo ikianguka wale hawako kwenye karatasi yoyote. Kuna wanaozima simu juu wako kwenye lutuku, wanasema hakukuwa rezo. Dispachi akidanganywa mara kumi, mara ya kumi na moja shofere mwenye kweli akisema «mvua inanyesha», hasikilizwi. Imani ilivunjika kwa mikono yetu pia. Zaidi ya ile, mingi kati yetu tunalipwa kwa safari. Mutu akijua kama akilala Kirungu anapoteza safari moja katika mwezi, na mutoto iko na deni la masomo, anajituma yeye mwenyewe usiku. Hakuna aliyemupigia simu. Ile falanga ya safari ni dispachi mwingine anayeketi ndani ya kichwa.

Kwa hiyo sisemi dispachi ni mubaya na shofere ni muzuri. Ninasema yule anayetoa amri atie jina lake juu ya amri, na yule anayeipokea atie lake. Na ninaomba vitu vine.

Cha kwanza. Amri yoyote inayobadilisha saa ya kutoka, njia ao mahali pa kulala, iandikwe. Kwenye feuille de route kama kamyo iko bado parking. Kama iko njiani, kwa message ya simu, na jina la anayeamuru: «Shuka leo» ao «Lala pale.» Maneno mawili yanatosha. Pasipo rezo, shofere aandike ndani ya kayee saa na sababu, na motoboyi atie sinyature. Wengine watasema kuandika kutachelewesha kazi. Message moja ni dakika moja. Ile kamyo ya Kirungu ilikaa ndani ya mutaro siku kumi na moja. Na ninawaambia kitu nimekiona: mukubwa anayesema kwa simu «shuka tu», ukimuomba aandike, mara mingi anabadilisha neno. Anaandika: «Fanya namna unaona.» Basi sawa! Shofere aliona, na alilala.

Cha pili. Shofere akikataa juu ya barabara, freni, mvua ao usingizi, asikatwe kitu mbele watu watatu hawajaangalia: delege, mekanisie na mutu wa dispachi. Wakiona alidanganya, aazibiwe, sindika haitamulilia. Wakiona alisema kweli, alipwe ile siku. Haki hii haikuzaliwa Moba. Konvensio namba 155 ya 1981 inasema mufanyakazi anayeondoka mbele ya hatari kubwa na ya karibu, na sababu yenye kueleweka, lazima akingwe asiazibiwe. Na mwaka 2022 mukutano wa kazi wa kimataifa uliingiza usalama wa kazi ndani ya haki za musingi ambazo inchi zote memba zinapashwa kuheshimu.

Cha tatu. Masaa ya kungoja yaandikwe na yahesabiwe. Siku patroni atakapolipa kungoja, utaona mizigo inapakiwa asubuhi. Leo kungoja ni bure kwake, ndiyo maana hakuna haraka ya kupakia, haraka yote iko barabarani.

Cha ine. Kila mutu wa dispachi apande kamyo mara mbili kwa mwaka, mara moja kiangazi, mara moja masika, aende na kurudi, alale mahali shofere analala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Atakaporudi biro, liste ile ya ukutani atairekebisha yeye mwenyewe bila sindika kumuomba.

Kuna patroni wadogo watakaoniambia: delege, mimi ni sous-traitant, nikiweka hizo zote, mine itamupa mwingine soko. Ninasikia. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliwekwa ili kazi za sous-traitance ziwe mikononi mwa kampuni za Wakongomani. Tuliifurahia. Lakini kama Mukongomani anapata soko juu anamubana Mukongomani mwenzake kwenye usukani, tumefanya nini? Mine yenyewe njo iandike hizi sharti ndani ya kontra ya usafirishaji, sawasawa kwa wote, ili mwenye kufuata sheria asishindwe na mwenye kuivunja.

Na sasa ni wakati. Jina la Manono lilijulikana zamani kwa etain, leo linatajwa kila mahali juu ya lithium ya kufanyia batri za magari. Ile mawe haitaruka angani. Inchi yetu ya Tanganyika iko na ziwa, iko na reli iliyochoka, na iko na barabara munayoijua. Makamyo itakuwa mingi, na vijana wetu wengi watakuwa mashofere. Desturi tunayoiacha leo kwenye biro ndogo ya dispachi, wao njo wataikuta.

Wamama, neno langu la mwisho ni lenu. Baba akiwa kazini, jueni vitu viwili. Ulizeni kama ameandikishwa CNSS: mwajiri anapashwa kulipa asilimia 1,5 kwa ajili ya aksida na magonjwa ya kazi, na ile haitoki kwenye mushahara wa baba. Asiyeandikishwa akivunjika, anavunjika peke yake. Na akipiga simu usiku kusema «wamenituma nishuke», musimuulize tu atafika saa ngapi, juu swali lile amekwisha ulizwa mara tatu. Mumuulize: «Nani amekutuma, na ameandika?»

Yule shofere anatembea sasa na fimbo, anauzisha vitu vidogo vidogo Port. Tukikutana haniulizi tena juu ya falanga zake. Ananiuliza tu kama wameanza kuandika. Mpaka leo ninamujibu: bado. Wandugu madelege, katika mukutano unaokuja na wakubwa wa kazi, hii iwe pointi ya kwanza, mbele ya mushahara. Juu mushahara tunauombea watu wazima.

Delege wa sindika, Moba